Mshubiri na kidonda: ute upi, kidonda kipi?

Maswali ya wasomaji kuhusu mshubiri, au alovera kama wengi wanavyouita, yamerundikana, na mengi yanachukulia kwamba jani lina utomvu mmoja. Linao wa aina mbili. Chini tu ya ganda hutoka majimaji ya manjano, machungu, yale yale ambayo kina mama wa pwani hupaka kwenye chuchu wakimwachisha mtoto ziwa. Hayo yana aloini, inayoendesha tumbo na inayoweza kuwasha ngozi. Dawa ya ngozi ni ute angavu wa katikati.

Asilimia 99 hivi ya ute huo ni maji. Ajabu iko kwenye kilichobaki: minyororo mirefu ya sukari iitwayo asemanani. Hii huyashika maji yasikauke upesi, na seli mpya za ngozi hutambaa vizuri zaidi penye unyevu kuliko chini ya gaga kavu. Tena seli za kinga ziitwazo makrofaji zina vipokezi vya manosi, sukari inayounda minyororo hiyo. Maabara imeonyesha kwamba zikiguswa nayo huamka na kutoa ishara za kuziita seli zinazofuma kolajeni. Jani likishakatwa, minyororo huanza kuvunjika.

Kwa wagonjwa je? Mapitio ya mwaka 2007, yenye wagonjwa 371 walioungua, yalikuta waliopakwa alovera walipona siku 9 hivi mapema. Lakini utafiti wa mwaka 1991 kwa akina mama ambao vidonda vyao vya upasuaji vilichelewa kufunga ulikuta alovera ilivichelewesha zaidi: siku 83 badala ya 53. Kwa hiyo anayekuuzia chupa "inayoponya kila kidonda", pamoja na kisukari na saratani, anakudanganya, na wapo wanaopoteza miguu wakimsikiliza.

Ukiungua, kwanza maji ya bomba yatiririke dakika 20. Si dawa ya meno, si yai, si unga! Ngozi ikiwa nyekundu tu, simamisha jani majimaji ya manjano yachuruzike, osha, kisha paka ute. Malengelenge makubwa, uso, sehemu za siri, mtoto mchanga, kidonda cha mguu wa mwenye kisukari: nenda hospitali.

Usichume mshubiri wowote wa porini. Aloe ballyi, inayoota kusini mashariki mwa Kenya na kaskazini mashariki mwa Tanzania, ina sumu ya neva.