Fahamu: Jinsi mashine ya kompyuta inavyoiga nakshi za mkono

Ni mashine gani?

Ina mota inayozungusha biti, yaani kisu chake cha kukatia, kwa kasi, na mashine huisogeza juu ya mbao: kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini. Kompyuta huiongoza kwa kufuata mchoro uliotengenezwa kwenye programu, au uliopatikana kwa kuskani kipande kilichochongwa kwa mkono.

Inaigaje mkono wa fundi?

Kila kitu kinategemea nafasi kati ya mpito mmoja wa biti na unaofuata. Biti yenye ncha ya mviringo, kipenyo milimita 6, ikisogezwa milimita 0.6 kila mpito, uso hutoka laini. Ikisogezwa milimita 3, hubaki matuta ya kimo cha takriban milimita 0.4, yanayofanana na alama za patasi. Matuta yakilingana mno, jicho hushtuka. Ndiyo maana mchoraji makini hubadilisha kina na mwelekeo.

Inakwama wapi?

Kwenye pembe za ndani. Biti hiyo huziacha zikiwa butu, na fundi huzimalizia kwa patasi.

Kwa nini ni muhimu?

Milango ya nakshi ni sehemu ya sura ya Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, miji iliyo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mashine si kosa, lakini mnunuzi ana haki ya kuambiwa ukweli: nakshi ni ya mkono au ya mashine. Linganisha maua mawili ya mlango mmoja: yaliyochongwa kwa mkono hutofautiana kidogo.