Pumzi Fupi, Roho Juu

Frasila mbili, yaani kama kilo 32: huo ulikuwa mzigo wa kawaida wa mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, kwenda Bagamoyo katika karne ya 19, na safarini aliimba. Leo, katika vijiji vilivyopitiwa na misafara ya zama hizo, kuanzia Kwihara karibu na Tabora hadi Ujiji, wapo wazee wanaotweta kwa ndoo moja ya maji. Jamaa husema ni uzee. Mzee akiwa mkali, au akikesha roho juu, husema ndivyo alivyoumbwa. Majibu hayo siyakubali.

Ni kweli kwamba hulka na pumzi vinahusiana. Nchini Japani, Yuri Masaoka na Ikuo Homma walionyesha tangu miaka ya 1990 kuwa mtu mwenye hulka ya wasiwasi huhema kwa kasi zaidi anapopatwa na hofu. Marekani, Antonio Terracciano na wenzake waliwachunguza wazee wengi wakaona kuwa wepesi wa kuhofu na kusononeka huandamana na nguvu ndogo ya kutoa pumzi.

Lakini kipi kinaanza? Mwaka 2017 watafiti waliondoa seli chache kwenye kituo cha upumuaji katika ubongo wa panya, na panya wale wakatulia kuliko kawaida. Seli hizo hupeleka habari za pumzi kwenye sehemu inayouamsha ubongo mzima. Kwa hiyo hofu huharakisha pumzi, na pumzi ya haraka nayo huuweka ubongo macho.

Uzeeni mbavu hukakamaa na misuli ya kupumulia hulegea. Hewa ambayo mtu anaweza kuitoa kwa sekunde moja hupungua kwa takriban mililita 30 kila mwaka, kuanzia ujana unapokwisha. Tabora kuna la ziada: moshi wa kuni jikoni, na moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku huko Urambo, Kaliua na Sikonge. Moshi huohuo hufanya macho kuwa mekundu, na katika mikoa ya magharibi macho mekundu yamewaponza vikongwe, wakaitwa wachawi, wengine wakauawa. Bibi aliyepikia familia kwa kuni maisha yake yote, na sasa, kwa hofu ya kuitwa mchawi, anashtuka kila mbwa akibweka usiku, usimwambie kwamba pumzi yake fupi ni tabia yake.

Nafuu ipo. Vuta pumzi puani ukihesabu hadi nne, itoe taratibu ukihesabu hadi sita. Ni pumzi kama sita kwa dakika, wakati kawaida ni 12 hadi 20. Unapotoa pumzi ndefu, neva ya vagasi hupunguza mapigo ya moyo. Kuimba kwaya au kaswida nako hurefusha pumzi ya kutoka, na kwa wazee wengi ni rahisi kuliko kuhesabu.

Zoezi hilo halitibu pumu, upungufu wa damu, kifua kikuu wala moyo ulioshindwa kazi. Kikohozi kikifika wiki mbili, miguu ikivimba, au mzee akishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, apelekwe zahanati au Hospitali ya Kitete mjini Tabora. Huko amweleze daktari pia miaka aliyopikia kuni na misimu aliyokausha tumbaku, kwa sababu kipimo cha presha hakiyaonyeshi hayo.