Sura ya 6: Mwigo wa Kejeli na Hadhira Yake

Mwigo wa kejeli huchukua kazi inayojulikana, ukaiiga kiasi cha kutambulika, kisha ukaitia chumvi mpaka tabia yake ionekane. Mwigo mzuri huwa mfupi, na sababu yake iko kwa hadhira.

Kati ya 1959 na 1964, televisheni ya Marekani ilirusha The Twilight Zone, tamthilia ya Rod Serling yenye visa vya ajabu na vya sayansi ya kubuni. Kila kipindi kilijitegemea, na mara nyingi mambo yaligeuka ghafla mwishoni. Katika kipindi cha 1960, mwizi aliyekufa anajikuta mahali anaposhinda kila kamari. Anadhani ni peponi, kumbe ni motoni. Katika kingine cha 1963, abiria wa ndege anaona dubwana likiharibu bawa, na hakuna anayemwamini.

Mwaka 2001, katuni ya Futurama ilivibana visa hivyo ndani ya The Scary Door, kipindi ambacho wahusika wa katuni hiyo wanakitazama kwenye televisheni yao. Mcheza kamari anakufa, anazinduka ndani ya kasino na kushinda. Anadhani yuko peponi, halafu motoni. Anaambiwa yuko ndani ya ndege. Analiona dubwana, anapiga kelele, lakini haaminiwi kwa sababu yeye ni Hitler. Anamwita Eva Braun, mpenzi wake, amsaidie, naye anageuka nzi. Serling alitumia takriban nusu saa kuandaa mgeuko mmoja. Hapa migeuko inapangwa mfululizo kwa muda mfupi sana, na mazoea ya tamthilia nzima yanaanikwa.

Hakuna aliyesimama kueleza. Anayeijua The Twilight Zone anacheka papo hapo. Asiyeijua, maelezo hayatamchekesha. Na mtazamaji akishatambua kinachoigwa, kurefusha ni kumchosha.

Kanuni hiyo inafanya kazi Shinyanga na kote Usukumani, katika mashindano ya ngoma baada ya mavuno. Tangu karne ya 19, vyama vya Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake ni waganga wawili, Ngika na Gumha, hupambana kwenye uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Mshindi ni mwenye umati mkubwa. Manju, yaani kiongozi wa ngoma, akimkejeli mpinzani kwa kuiga sauti au mwendo wake, watu wanapaswa kumtambua mwigwa mara moja. Wakisitasita, watahamia upande wa pili, na shindano limekwisha.

Sasa tuhamie machimbo ya dhahabu ya Geita, yaliyokusanya watu wa makabila mengi. Kejeli ya manju wa Kishapu, huko Shinyanga, haitafika kwa mchimbaji kutoka Kigoma. Lakini mchekeshaji akimwiga mwenye duara, yaani mwenye shimo la kuchimbia, anayegawa viroba vya mawe, mkono mmoja ukihesabu na mwingine ukivuta kiroba kimoja zaidi upande wake, machimbo mazima yataelewa, kwa sababu mgao wa mawe unamgusa kila mtu pale.

Kwa hiyo mtunzi aanze na swali hili: watu hawa wanajua nini kwa pamoja? Akilijibu sawasawa, nusu dakika inamtosha. Akilikosea, hata saa nzima haitamwokoa.