Imekufa, imeganda, au inalala? Kuhusu programu ya majedwali inayoanguka wakati wa kufungwa

Jedwali langu la Kisanga lina mistari 1,412. Kila mstari una neno moja, wingi wake, ngeli, toni, maana kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na alama ya mtu aliyenitamkia. Mistari ya 611 hadi 940 inatoka kwa nkambo mmoja wa upande wa Kambove ambaye amekwisha kufariki. Sina namna ya kurudi kumwuliza kama toni ya silabi ya pili ilikuwa juu au chini. Kwa hiyo, mwezi mmoja kabla ya kutoa kazi yangu ya mwisho wa masomo, programu ilipoanza kuanguka kila nilipobonyeza alama ya kufunga, usingizi uliniruka.

Kazi hiyo naifanya ndani ya LibreOffice Calc, kama wengi wetu katika kitivo, sababu ni ya bure na inakubali herufi kama ŋ na β bila ubishi. Nilipowaeleza wenzangu shida yangu, wanne walinijibu jibu moja: «Hata ya kwangu inakufa.» Nilikaa na kila mmoja mbele ya mashini yake. Nikagundua kwamba tulikuwa tukitumia kitenzi kimoja kwa mambo matatu tofauti, na ndiyo sababu ushauri tuliopeana mwezi mzima haukusaidia kitu.

Sisi wa Lubumbashi tunapenda kusema kitu kimekufa: redio imekufa, barabara imekufa, mashini imekufa. Wengine husema «imeplante», kutoka kwa Kifaransa, nayo haielezi zaidi. Mdogo wangu mmoja anayetengeneza mashini karibu na lango la chuo ndiye aliyenifungua macho. Nilimpa mashini yangu nikilalamika, akatazama kidogo, akasema: «Yaya, haiyakufa hii, iko inalala.» Alikosea kuhusu mashini yangu, lakini tofauti aliyoiweka ilikuwa ya kweli, na tangu siku hiyo nauliza kwanza: imekufa, imeganda, au inalala?

Imekufa: dirisha linatoweka ghafla, na ukiifungua programu tena inakuonyesha orodha ya mafaili inayotaka kukurudishia. Imeganda: dirisha linabaki pale, limefifia, na Windows inaandika «ne répond pas». Inalala: dirisha limefungika vizuri kabisa, huoni kosa lolote, lakini programu bado iko hai ndani ya mashini, na kesho faili lako linakataa kuandikwa.

Kabla ya kutafuta dawa ni vizuri kujua programu inafanya nini unapoifunga, kwa maana wengi wetu tunadhani kufunga ni kuzima taa tu. Sivyo. Inakuuliza kwanza kama unataka kuhifadhi. Kisha inaandika mipangilio yako (ukubwa wa dirisha, mafaili ya mwisho, lugha uliyoichagua), inaziaga nyongeza ulizoweka, inaachana na printa, inafuta faili dogo la kufuli lililokaa kando ya faili lako, na mwisho inarudisha kumbukumbu iliyokuwa imeazima. Kosa likitokea katika yoyote ya hatua hizo za nyuma, kuhifadhi kumekwisha kupita. Hii ni habari njema ambayo hakuna aliyeniambia: ukibonyeza Ctrl+S, ukangoja ikamaliza, ndipo ukafunga na programu ikaanguka, mara nyingi data zako ziko salama. Walio hatarini ni wale wanaofunga moja kwa moja na kutegemea lile swali la kuhifadhi.

Sasa ya kwangu. Yangu ilikuwa inakufa kweli. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuiondoa programu na kuiweka upya, mara mbili, na kila mara nilipakua zaidi ya megabaiti 300 kwa pesa za mfukoni mwangu. Haikubadilisha kitu. Baadaye nilielewa kwa nini: ukiondoa LibreOffice, mipangilio yako haiondoki nayo. Inabaki katika folda ya profili, na programu mpya inapofika inairithi pamoja na ugonjwa wake.

Nikaacha kubahatisha, nikafanya tunavyofanya darasani tukitafuta fonimu: badilisha kitu kimoja, mengine yote yabaki yalivyo. Nilifungua jedwali tupu lisilo na neno hata moja, nikalifunga. Likaanguka. Basi faili langu halina hatia. Nilichukua nakala ya faili langu nikaifungua kwa mashini ya mwenzangu, nikaifunga. Salama. Basi tatizo liko kwangu, kwa programu au kwa mashini. Hapo nikaenda kwenye menyu «Aide», kisha «Redémarrer en mode sans échec». Njia hii ipo tangu toleo la 5.3 la mwaka 2017, nami niliipita kila siku bila kuiona. Inaiwasha programu bila mipangilio yako na bila nyongeza zako, kwa muda tu, bila kufuta chochote. Nikafunga. Ikafungika kama mlango wenye mafuta.

Kwa hiyo mkosaji alikuwa mmoja kati ya watatu: uchoraji wa skrini, nyongeza, au profili. Nilianza na uchoraji kwa kuwa ndio rahisi. Tangu toleo la 7.0 LibreOffice ya Windows hutumia Skia kuchora dirisha, na mashini zetu za mtumba zenye kadi za zamani hazielewani nayo kila mara. Ukienda «Outils», «Options», «LibreOffice», «Affichage», unaweza kuizuia. Niliizuia, ikaanguka vilevile. Nikairudisha. Nyongeza nilikuwa nayo moja tu, niliyoipata kwa flashi ya rafiki, na tayari nilikuwa nimeituhumu mbele ya watu. Niliizima. Ikaanguka vilevile.

Ikabaki profili. Kwa Windows iko katika %APPDATA%\LibreOffice\4\user, na kwa Linux katika ~/.config/libreoffice/4/user. Hiyo 4 isikushangaze, imebaki hivyo hata matoleo yalipoendelea. Ushauri wa kawaida ni kuifuta folda hiyo. Usiifute. Ndani yake mna folda ya wordbook, yaani kamusi yako binafsi, yale maneno yote uliyoiambia programu «ongeza» ili isiyapigie mstari mwekundu. Yangu ilikuwa na mamia ya maneno ya Kisanga, kazi ya miaka miwili. Mna autocorr, vifupisho vyako vya kuandika, kwangu ndiyo njia ya kupata herufi za toni haraka. Mna template pia. Anayekuambia «futa tu, itajitengeneza yenyewe» anasema kweli, ila kamusi yako haitajitengeneza.

Nilifunga programu, nikabadilisha jina la folda user kuwa user_zamani, nikaiwasha tena. Ilijitengenezea profili mpya, na ilipofungwa haikuanguka. Kisha nikairudishia vitu kimoja kimoja kutoka user_zamani, nikifungua na kufunga baada ya kila kimoja. wordbook: salama. autocorr: salama. template: salama. Faili liitwalo registrymodifications.xcu, ambalo ndimo mipangilio yote inamoandikwa: ikaanguka. Nikaliondoa, ikapona. Nikaweka tena na ile nyongeza niliyokuwa nimeisingizia. Haikufanya ubaya wowote.

Faili hilo liliharibikaje? Ninachodhani ni umeme. Betri ya mashini yangu haishiki tena, na jioni za «délestage» mashini ilizimika mara kadhaa nikiwa kazini. Mipangilio huandikwa programu inapofungwa pia, na ndiyo saa niliyokuwa nikikimbia kuifunga nikiona taa ya jirani imezimika. Sina ushahidi zaidi ya huo. Lakini tangu nilipoacha lile faili la zamani, mwezi wa pili huu, haijaanguka.

Wenzangu walikuwa na magonjwa mengine. Wawili ya kwao ilikuwa inaganda, na kwao sikugusa profili hata kidogo. Mmoja alikuwa anaandika moja kwa moja ndani ya flashi nzee. Kila kuhifadhi kulichukua muda, naye alidhani programu imekwama, anaichomoa flashi. Anayechomoa flashi katikati ya kuandika asitafute mchawi. Tulihamisha faili kwenye diski ya mashini, na flashi sasa anaitumia kuweka nakala tu. Wa pili, mashini yake ilikuwa bado inatafuta printa ya ofisi alikofanya mafunzo ya kazi. Tulichagua printa nyingine kuwa ya kawaida, ikatulia. Kwa wenye tabia ya kupaka rangi safu nzima kuanzia juu hadi chini: chini ya jedwali la Calc ni mstari wa 1,048,576. Paka unapoandika tu.

Wa tatu ndiye aliyekuwa na ile inayolala, na kisa chake kilikaribia kuvunja udugu. Dada huyu alikuta faili lake la mitihani ya wanafunzi linafunguka kwa kusomwa tu, na ujumbe unasema limefungwa na mtu fulani, jina la kaka yake. Akampigia simu kwa hasira: kwa nini unaingia katika kazi yangu? Kaka hakuwa hata mjini. Jina linaloonekana pale linatoka katika «Données d'identité» za programu, na mashini hiyo alimwuzia kaka yake mwenyewe bila kubadilisha kitu. Programu ilikuwa imefungika machoni tu. Kwa Ctrl+Shift+Esc tulifungua orodha ya kazi za mashini, tukakuta soffice.bin bado inahema, tukaisimamisha. Kisha kando ya faili tukakuta jingine linaloanza na .~lock na kuishia kwa alama ya #. Huenda kwako limefichwa. Hilo ndilo la kufuta, lakini baada ya kusimamisha soffice.bin, na kama folda inatumiwa na wengi, baada ya kuuliza kama hakuna mwingine aliyefungua kweli. Wa nne hakuwa na tatizo. Alikuwa anasahau kuhifadhi.

Wanaotumia Excel wataniuliza. Njia ya kufikiri ni ileile. Ukishikilia Ctrl unapoifungua, inakuuliza kama unataka iwake bila nyongeza. Ikifungika vizuri hivyo, nenda «Fichier», «Options», «Compléments», uzizime moja moja, na angalia kama una faili la PERSONAL.XLSB lenye makro za zamani.

Jambo moja kwa walio na data zisizoweza kukusanywa tena. Chini ya «Outils», «Options», «Chargement/enregistrement», «Général», kuna kisanduku cha kutengeneza nakala ya akiba kila unapohifadhi. Kitie alama leo. Kila Ijumaa mimi huhifadhi pia nakala ya CSV, nikichagua UTF-8, maana ukichagua usimbaji mwingine ŋ zako zinaweza kugeuka alama za kuuliza. Na ukumbuke kwamba CSV inabeba karatasi moja tu ya jedwali, bila rangi. Na faili la .ods likikataa kufunguka kabisa, chukua nakala yake, ubadilishe mkia kuwa .zip, uifungue: ndani kuna content.xml, na maneno yako yamo humo, katikati ya alama nyingi zinazochosha macho. Usiku mmoja, kabla sijajua haya mengine, nilikaa hadi saa nane nikiyatafuta humo maneno ya nkambo, kuanzia mstari wa 611. Yalikuwamo yote, pamoja na toni zake.