Mzee Kitereza wa Ukerewe na Kitabu Ambacho Hakukiona

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Methali hiyo imewafaa wengi, lakini yuko mzee mmoja wa Ukerewe aliyecheza kwao maisha yake yote, na alipofariki mwaka 1981 alikuwa hajatunzwa bado. Mzee huyo ni Aniceti Kitereza. Wasomaji wetu wengi pengine hawajapata kulisikia jina lake, wala si ajabu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kupanda majukwaani. Alikuwa mtu wa kalamu na karatasi, aliyekaa kisiwani kwao akaandika habari za watu wake, wakulima na wavuvi, jinsi walivyoishi kabla wageni kutoka Ulaya hawajatia mguu katika nchi yao.

Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vilivyomo katika Ziwa Viktoria. Huko ndiko ukoo wa Kitereza ulikotawala, na yeye mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1896, alikuwa mjukuu wa Machunda, mmoja wa watawala wa zamani wa Wakerewe. Lakini kuzaliwa katika ukoo wa watawala hakukumpa raha. Miaka yake ya kwanza aliipitisha ugenini Usukumani, kwa kuwa jamaa zake walikuwa wamelazimika kuhama kwao, na baba yake akafia huko. Mama yake akamrudisha Ukerewe angali mtoto mdogo, akalelewa penye makao ya mtawala. Humo alisikia mazungumzo ya wazee, mashauri ya kesi, visa vya koo na adabu za kuamkiana. Masikio yake yakajaa mambo ambayo baadaye mkono wake uliyaandika.

Kisha akapelekwa shule ya misheni ya Kagunguli, na baadaye seminari ya Rubya, katika nchi ya Bukoba. Alijifunza Kilatini na lugha nyingine za Ulaya, akawa msomi hasa, wakati ambapo Waafrika waliopata elimu ya namna hiyo walikuwa wachache mno. Mwaka 1919 aliacha masomo ya upadri akamwoa Bibi Anna Katura. Aliwahi kuwa karani wa kampuni ya Waitalia huko Mwanza, kisha akarudi Kagunguli akawa mwalimu na mfasiri katika misheni. Kwa hiyo tumhesabu miongoni mwa wafanyakazi. Alikula kwa jasho la kazi ya ofisini, na kitabu chake alikiandika pamoja na kazi hiyo.

Huko misheni alikuwako padri mmoja kutoka Kanada, Almas Simard, aliyependa kuzijua habari za kale za Wakerewe. Padri huyo aliona kwamba Kitereza anayajua mambo ambayo vijana wa shule wameanza kuyasahau, akamhimiza ayaandike. Mwingine angeandika orodha ya mila, moja, mbili, tatu, kama karani anayehesabu mali ya ghala. Kitereza hakufanya hivyo. Alitunga hadithi ya mume na mke, na ndani ya hadithi hiyo akaweka maisha yote ya kijiji. Aliandika kwa Kikerewe, lugha aliyonyonya kwa mama yake, akamaliza mwaka 1945. Tukumbuke kwamba huo ni mwaka Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, na Tanganyika ilikuwa bado ina miaka 16 ya kungoja Uhuru. Riwaya nyingi za Waafrika tunazozisifu leo zilikuwa hazijaandikwa.

Hadithi yenyewe ni hii. Myombekere na mkewe Bugonoka wanapendana, lakini hawana mtoto aliye hai. Jamaa za mume wanamsimanga mke na kumtaka Myombekere aoe mwingine. Maneno yanapozidi, wazazi wa Bugonoka wanakuja kumchukua binti yao na kumrudisha kwao. Myombekere anabaki peke yake na nyumba baridi. Hakubali kuoa mwingine. Anakwenda kwa wakwe zake kumwomba mkewe, nao wanamtoza faini ya pombe ya ndizi. Basi anarudi kwake kuitafuta pombe hiyo, na hapo msomaji anaoneshwa namna ndizi zinavyoivishwa, zinavyokamuliwa na kuchachushwa, nani anamsaidia nani, na kwa nini mtu asiye na jirani mwema hawezi kulipa faini ya namna hiyo. Mke anarudi. Wanamwendea mganga, Kibuguma, na baada ya matibabu marefu wanapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, halafu wa kike, Bulihwali. Majina hayo mawili yanabeba huzuni ya wazazi waliokwisha kuzika: la kwanza ni la mtu anayesema kwamba anaishi na kifo siku zote, na la pili linauliza huzuni itakwisha lini.

Wako wasomaji wanaolalamika kwamba kitabu hiki ni kirefu, na kwamba mwandishi hawezi kumpeleka mtu wake safari ya nusu siku bila ya kueleza kila aliyekutana naye njiani na salamu walizopeana. Malalamiko hayo yana ukweli, lakini yafaa tujiulize kwa nini mzee aliandika hivyo. Yeye aliona kwa macho yake kizazi kilichojua kutengeneza vitu hivyo kikizeeka, na watoto wao wakikaa darasani wakijifunza mambo ya mbali. Kila alichokiruka kingepotea. Kwa sababu hiyo aliandika kazi ya mkono hatua kwa hatua, kama fundi anayemfundisha mwanagenzi. Sisi tufanyao kazi bandarini, reli na viwandani twajua jinsi ilivyo nadra kuiona kazi ikielezwa vitabuni kwa heshima hiyo. Mara nyingi katika hadithi mkulima hupita kwa mbali na jembe begani, ili mandhari ipendeze. Kwa Kitereza jembe lina mwenyewe, lina saa ya kushikwa na lina sababu.

Wala asidhani mtu kwamba mzee aliipaka sukari enzi ya kale. Katika kitabu chake watoto wanakufa wakiwa wachanga, na maradhi hayana huruma. Mwanamke asiye na mtoto anabebeshwa lawama peke yake, wala hapana anayemwuliza mume. Mwandishi hahubiri juu ya jambo hilo. Anatuonesha Bugonoka akitukanwa, kisha anatuonesha Myombekere akimfuata. Nani aliye mwema na nani asiye mwema, msomaji hahitaji kuambiwa.

Na katika jambo hili Kitereza hakuwa akibuni tu. Yeye na Bibi Anna walizeeka bila ya kuwa na mtoto wa kuwatunza. Mtu aliyesoma habari za maisha yake hawezi kuisoma safari ya Myombekere kwenda kwa wakwe bila ya kuwakumbuka wazee wawili wa Kagunguli, waliokaa pamoja tangu 1919, wala mume hakumwacha mkewe. Kitabu alichokiandika kwa ajili ya watoto wa Ukerewe kilitoka katika nyumba isiyo na sauti ya mtoto.

Sasa tuje kwenye jambo linalotia uchungu. Kitabu kilikwisha mwaka 1945, lakini hakikupigwa chapa. Padri Simard alishughulika kukifasiri kwa Kifaransa, akafa kabla hakijatoka. Wapiga chapa hawakuona faida katika kitabu kinene cha lugha ya kisiwa kimoja. Mswada ukakaa. Uhuru ukaja mwaka 1961, mswada ungali umekaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika Ukerewe wataalamu wawili wa Kimarekani, Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, kuchunguza historia ya Wakerewe. Walipomkuta mzee huyu na mswada wake walistaajabu. Shauri likawa kwamba kitabu kikiwa kwa Kiswahili huenda kikapata njia. Hapo Kitereza, mtu aliyekwisha kupita miaka 70, alikaa chini akakifasiri kitabu chake chote yeye mwenyewe, kutoka Kikerewe kwenda Kiswahili. Yafaa tuifikirie kazi hiyo. Kijana mwenye nguvu angechoka. Mzee aliifanya bila ya kujua kama kuna atakayekichapa.

Mwaka 1980 shirika la Tanzania Publishing House la Dar es Salaam likakitoa kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Tangu kukamilika kwa mswada hadi mwaka huo ni miaka 35. Nakala zilichapwa China, na zilipofika nchini mzee alikuwa amekwisha kufariki, mwaka 1981. Hakukishika mkononi kitabu chake. Baada yake kilifasiriwa kwa Kijerumani na kwa Kifaransa, na mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwandishi na mzaliwa wa Ukerewe, akatoa tafsiri ya Kiingereza akiutegemea mswada wa Kikerewe wenyewe.

Wala si Kitereza peke yake aliyepatwa na hayo. Kufikirika, riwaya ya Shaaban Robert, ilitoka mwaka 1967, naye mwandishi alikuwa amekufa tangu 1962. Ikiwa mambo haya yalimpata hata bingwa wa Kiswahili aliyejulikana pwani na bara, je, mzee wa kisiwani angetazamia nini? Yatupasa kukiri kwamba nchi haikupungukiwa na waandishi. Iliyopungua ni mikono ya kuipokea kazi yao kwa wakati wake.

Basi, ndugu msomaji, lipo jambo la kufanya. Kwanza, kitafute kitabu hiki. Kama katika maktaba ya shule au ya mahali pa kazi hakimo, ulizia kwa nini hakimo. Kisomwe kwa sauti, sura moja jioni moja, kwa maana ni kitabu kinachopenda kusikiwa. Na vijana waliozaliwa mjini wasioneshe haya kuuliza maana ya maneno. Pili, kila mmoja wetu ana mzee kwao ajuaye jambo ambalo halijaandikwa: jinsi ya kuchonga mtumbwi, kusuka wavu, kupatanisha waliogombana. Huna haja ya kujua Kilatini kama Kitereza. Daftari moja na kalamu vyatosha kuanzia. Tatu, waliokabidhiwa mitambo ya kupiga chapa na fedha za vitabu wakumbuke kwamba mswada uliomo kabatini hauna nguvu ya kujitoa.

Mzee Kitereza alitimiza wajibu wake mara mbili, kwa Kikerewe na kwa Kiswahili. Kutunzwa kwake kumechelewa, lakini kunawezekana bado, na kunaanza siku mtu anapokifungua kitabu chake na kumkuta Myombekere njiani, akienda kumwomba mkewe arudi nyumbani.