Kufunga ili Kuvuna: Ngitili za Simiyu na Kombe wa Fumba

Msafiri apitaye katika vijiji vya Bariadi, Itilima au Meatu wakati wa kiangazi kikali huona malisho yaliyobaki udongo mtupu. Hata hivyo, hapa na pale hukuta kipande cha ardhi chenye nyasi ndefu zilizokauka zikiwa zimesimama, na miti michanga iliyochipua juu ya visiki vya zamani. Mara nyingi hakuna ukuta wala seng'enge. Ng'ombe hupita kando, na mchungaji huwazuia wasiingie. Kipande hicho huitwa ngitili.

Neno hili la Kisukuma lina maana ya malisho yaliyofungwa kwa makusudi. Mvua zinapoanza, mwenye ngitili, au kijiji kizima, huzuia mifugo isiingie. Nyasi hukua, huchanua na kudondosha mbegu. Kiangazi kinapozidi na malisho ya nje kwisha, ngitili hufunguliwa, na wanyama wanaohitaji msaada zaidi, kama vile ndama na maksai wa kulimia, hupata chakula.

Desturi hii ni jibu la swali kubwa la sayansi ya mazingira: kitu kilicho mali ya wengi kikikaribia kwisha, hurudishwaje? Swali hilohilo limewakabili wanawake wa Fumba, Unguja, waokotao kombe wakati maji ya bahari yanapokupwa. Nyasi na kombe havifanani hata kidogo, lakini mwanafunzi anayeielewa ngitili atakielewa kwa urahisi kisa cha kombe.

Jinsi ardhi ilivyochakaa

Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, na historia ya mazingira yake ni moja na ya mkoa huo. Wakati wa utawala wa Waingereza mapori makubwa yalifyekwa ili kuangamiza mbung'o, wadudu waenezao ugonjwa wa nagana kwa ng'ombe. Baadaye mashamba ya pamba yalipanuka na mifugo ikaongezeka. Katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa katika vijiji vya pamoja, na wengi wakaziacha ngitili zao bila mwangalizi.

Mwaka 1984 Mwalimu Julius Nyerere aliuzuru mkoa huo, akasikitishwa na hali aliyoiona. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI. Hapo mwanzo wataalamu walisisitiza upandaji wa miche kutoka vitaluni. Baada ya muda walitambua kuwa wananchi tayari walikuwa na njia yao wenyewe, iliyo rahisi zaidi, nayo ni ngitili. Wakati mradi unaanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa na eneo la hekta zipatazo 600 tu. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000 katika mkoa wote wa wakati huo. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Kwa nini kufunga kulitosha

Je, miti hiyo yote ilitoka wapi, ikiwa haikupandwa? Jibu limo chini ya udongo. Mti ukikatwa, mara nyingi mizizi yake haifi. Kila mwaka kisiki huchipua, na kila mwaka machipukizi huliwa na mbuzi au kukatwa kwa kuni. Mifugo ikizuiwa, machipukizi hayo hutumia chakula kilichohifadhiwa katika mizizi mipana, nayo hukua upesi kuliko mche uliotoka kitaluni. Kadhalika, mbegu za nyasi zilizolala udongoni huota. Kwa hiyo ngitili haileti kitu kipya. Huipa nafasi akiba iliyokuwapo.

Hapa ndipo mpaka wa njia hii unapoonekana. Mahali ambapo visiki vimeng'olewa vyote na udongo wa juu umechukuliwa na maji, kufunga peke yake hakufui dafu. Akiba ikiisha, hakuna cha kupumzishwa.

Kombe na wazazi wake

Sasa tazama bahari. Rasi ya Fumba iko kusini-magharibi mwa Unguja, katika Ghuba ya Menai, iliyotangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1997. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, wanawake na watoto hutembea juu ya mchanga na majani ya bahari wakitafuta kombe, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Anadara antiquata. Mnyama huyu laini ana magamba mawili magumu yenye mifereji, na hukaa nusu amejifukia mchangani. Nyama yake ni kitoweo nyumbani na chanzo cha fedha sokoni. Kumwokota hakuhitaji chombo wala mtaji. Kwa sababu hiyo ndiye tegemeo la wasio na mashua.

Urahisi huohuo ndio hatari yake. Kombe hawezi kukimbia. Isitoshe, namna yake ya kuzaana inamfanya adhurike zaidi kuliko inavyodhaniwa. Dume na jike hawakutani. Kila mmoja humwaga mbegu zake majini, na mayai hurutubishwa humo. Ikiwa mbegu za dume huenea sawasawa pande zote, basi umbali ukizidishwa mara mbili, ujazo wa maji zinamoenea huongezeka mara nane. Maana yake ni kwamba jike aliye mbali maradufu hufikiwa na mbegu zilizochujuka mara nane. Ikiwa kombe wameokotwa hata waliobaki wametawanyika mmoja huku na mwingine kule, huenda wote wakawa hai na wazima, na bado wasizae vya kutosha. Pwani inaweza kupoteza kizazi kabla ya kombe wa mwisho kuokotwa.

Kwa hiyo dawa haikuwa tu kupunguza idadi ya kombe wanaookotwa kila mahali. Ilihitajika sehemu ambamo wazazi wangebaki wakiwa wamekaribiana. Katikati ya muongo wa kwanza wa karne hii, wanavijiji wa Fumba na wa jirani zao kama Bweleo, wakishirikiana na watafiti, wakiwemo wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichagua maeneo madogo ambamo kuokota kombe kulikatazwa. Maeneo mengine yaliachwa wazi. Watoto wa kombe, walio wadogo mno kuonekana kwa macho, huelea na maji kwa muda kabla ya kutua mchangani. Hivyo eneo lililofungwa linaweza kupeleka mbegu katika eneo lililo wazi. Sambamba na hayo, baadhi ya wanawake walijifunza kufuga chaza wa lulu na kutengeneza mapambo ya magamba, ili kufungwa kwa pwani kusiwe kufungwa kwa jiko.

Muda hutegemea maisha ya kiumbe

Swali moja huulizwa mara kwa mara: pafungwe kwa muda gani? Hakuna jibu moja. Katika baadhi ya vijiji vya Pemba, kama Kisiwa Panza, miamba ya pweza hufungwa kwa miezi michache tu, kwa mfano uliotangulia kujaribiwa Madagaska mwaka 2004. Miezi hiyo hutosha kwa sababu pweza hukua upesi mno, na maisha yake yote ni kama mwaka mmoja hivi au zaidi kidogo. Nyasi za ngitili huhitaji msimu mmoja wa mvua. Kombe huhitaji muda mrefu kuliko pweza, na miti huhitaji miaka mingi. Anayepanga kalenda ya kufunga bila kujua umri wa kiumbe hupanga gizani.

Nani atalinda?

Elimu ya viumbe haitoshi. Ngitili za Usukuma zilisimama kwa sababu zililindwa na vyombo ambavyo wananchi wenyewe waliviheshimu: dagashida, yaani baraza la jamii linalotunga kanuni na kutoza faini, pamoja na sungusungu. Huko Fumba vilevile, mlinzi wa kwanza ni mwokotaji mwenyewe, anayeijua pwani na kumjua jirani yake. Amri kutoka mbali ni vigumu kufika ufukweni saa ya maji kupwa, na ni vigumu kufika machungani saa ya jua kali.

Hata hivyo, gharama ya kufunga haiwaangukii wote sawasawa. Mwenye ardhi kubwa huweza kutenga ngitili yake. Asiye na ardhi hutegemea ile ya kijiji, na akizuiwa hana pa kwenda. Mwanamke aliyezoea kuokota kombe karibu na nyumbani hulazimika kwenda mbali zaidi, au kurudi bila kitoweo. Aidha, eneo likifunguliwa na watu wote wakaliingia kwa pupa, faida ya miezi mingi huweza kumalizika kwa siku moja. Kwa hiyo hapana budi kukubaliana mapema siyo tu juu ya siku ya kufunga, bali pia juu ya siku ya kufungua: nani aingie, achukue kiasi gani, na abakize nini.

Zoezi kwa shule

Wanafunzi wa Bariadi hawahitaji kwenda baharini ili kuichunguza kanuni hii. Tengenezeni fremu ya mraba ya vijiti, kila upande meta moja. Kwa idhini ya mwenye ngitili, iwekeni fremu mahali kumi pasipo kuchagua, ndani ya ngitili, kisha mahali kumi nje yake. Kila mara hesabuni aina za mimea, idadi ya machipukizi ya miti, na sehemu ya udongo iliyo wazi. Tafuteni wastani wa kila upande na kulinganisha. Rudieni kazi hiyo mvua zitakapokwisha.

Baada ya mvua kubwa, chukueni pia maji yatiririkayo kutoka pande zote mbili, myaache yatulie katika chupa, kisha mpime kina cha tope. Mto Simiyu humwaga maji yake katika Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Udongo unaopotea malishoni huweza kuishia huko, katika maji wanamovua watu wa Busega. Wanafunzi wajadili: ni akiba gani bado imo katika ardhi ya kijiji chao, na ni nani angepaswa kuulizwa kwanza kabla ya kuifunga?