Baada ya Kitabu cha Kwanza (Sehemu ya Tatu)

Katika makala iliyotangulia tulimwacha mwanafunzi wetu, mfano wa vijana wa Nyegezi na Malimbe wanaojifundisha wenyewe lugha ya kompyuta iitwayo Python, akiwa amekwisha kumaliza kitabu cha kwanza na asijue ashike kipi cha pili.

Kwanza na atazame mwaka wa kuchapishwa. Lugha hii, ambayo Mholanzi Guido van Rossum aliitoa mwaka 1991, ilipata mwaka 2008 toleo la tatu lisilopatana na la pili, na hilo la pili likaachwa kuhudumiwa tangu tarehe 1 Januari 2020. Basi akikuta katika vitabu vya mtumba kile ambacho print huandikwa pasi na mabano, akirudishe kwa muuzaji kwa adabu, hata kama bei ni ya kutupa.

Jambo la pili ni zito zaidi, kwa kuwa vitabu vingi vinavyojinadi kuwa ni vya waliobobea hurudia yale yale ya mwanzo kwa majina makubwa. Heri mwanafunzi akiendee kitabu na tatizo lake mkononi. Tuseme ameandika programu ya kuwahesabia wachuuzi wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba, magunia yao, na katika fankisheni yake akaweka orodha tupu iwe ya kuanzia kila isipopewa orodha nyingine. Mchuuzi wa kwanza ana magunia matatu, na hesabu ni sawa; akija wa pili mwenye gunia moja, programu yamwandikia manne, wala haitoi ilani yoyote. Sababu ni kwamba Python huiumba orodha ile mara moja tu, fankisheni inapoandikishwa, si kila inapoitwa. Dawa yake ni kuweka None mahali pa orodha, kisha kuumba orodha mpya ndani.

Kasoro hiyo na aitafute katika faharasa ya kitabu kabla ya kutoa fedha. Luciano Ramalho, Mbrazili, aifafanua katika Fluent Python kwa mfano wa basi lenye abiria wa mizimu. Naye Brett Slatkin, katika Effective Python, aimaliza kwa kurasa chache. Cha Ramalho, kilichotengenezwa upya mwaka 2022, chakaribia kurasa 1,000, na kwa mtu asomaye usiku baada ya kazi huo ni mzigo. Mimi ningemtanguliza Slatkin, ambaye toleo lake la mwaka 2019 lina nasaha 90, kila moja ikisomeka peke yake.

Asiye na fedha asikate tamaa: nyaraka rasmi za Python hutolewa bure, na sura ya nne ya mafunzo yake yaonya juu ya orodha ile ile iliyomzidishia mchuuzi wetu magunia. Ila zimeandikwa kwa ufupi mno, na namna ya kuzisoma tutaieleza juma lijalo.